Vioo Tisa vya Ukumbi wa Githima

Jumatano saa tatu na dakika tano asubuhi, Injinia Lynn Wakonyo alisimama ndani ya Ukumbi wa Githima, nje kidogo ya mji wa Nyeri, akatazama kioo kizima kilichobandikwa ukutani. Mtu mwingine angepiga makofi. Yeye alikunja uso, kwa sababu kioo hicho hakikuwa chake.

Alikigusa kando kwa kidole. Kilikuwa kimeshikwa kwa niru, ule uji mzito wa simenti ambao mafundi hulainishia sakafu, na niru yenyewe bado ilikuwa na unyevunyevu. Vioo vyake yeye alivibandika kwa gundi ya kopo, na kwenye kona ya kila kimoja alikwaruza namba kwa msumari. Hiki hakikuwa na namba. Akaenda kwa cha pili, cha tatu, mpaka cha tisa. Vyote vizima, vyote safi, vimelala sawasawa kama vitabu kwenye rafu, na hata kimoja hakikuwa chake.

"Haiya!" Lynn alisema peke yake. "Nimeibiwa ushahidi."

Kazi ya Lynn ilikuwa kuzunguka miji ya mlima, Karatina mpaka Nanyuki, akikagua majengo ya umma ya zamani yasiyo marefu: zahanati, maktaba, kumbi za mikutano. Ardhi ikitetemeka, je, yatasimama au yatawaangukia watu? Aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Aligonga mawe kwa nyundo ndogo na kusikiliza kama daktari anayesikiliza kifua. Kitu kimoja tu kilimchosha. Kila aliyejua kazi yake alimwambia, "Usipoziba ufa utajenga ukuta," kisha akacheka kana kwamba ndiye wa kwanza kuisema.

Ukumbi wa Githima ulijengwa kwa mawe mwaka 1967, na ulikuwa na nyufa tisa. Wiki tatu zilizopita Lynn alibandika kipande chembamba cha kioo juu ya kila ufa. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo huvunjika. Ukitulia, kioo hubaki kizima. Halafu jana, Jumanne saa kumi na dakika kumi alasiri, ardhi ikatikisika. Halikuwa tetemeko kubwa. Vikombe viligongana kabatini, mbuzi wakanyamaza, basi. Lakini kwa Lynn huo ulikuwa mtihani ambao hata angeuomba asingeupata, na sasa mtu alikuwa amechukua karatasi za majibu.

Ripoti yake ilitakiwa Ijumaa saa sita mchana. Jengo salama hupewa rangi ya kijani, la kurekebishwa manjano, na la kubomolewa nyekundu. Sheria ya kazi yao ilikuwa moja tu: ushahidi ukichezewa na hujui ukweli, unaandika nyekundu, maana huwezi kubahatisha na maisha ya watu. Na Jumamosi ukumbini kulikuwa na harusi.

Lynn alimwita mtunzaji wa ukumbi, Moffat, mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu asiyeivua hata jua likiwaka.

"Moffat, tangu jana alasiri ni nani ameingia humu?"

Moffat alileta daftari lake la wageni, analolitunza kama kitabu cha kanisa. "Hii kitabu yangu haidanganyi, Injinia. Jana saa kumi na moja, kwaya ya akina mama, wakatoka saa kumi na mbili na nusu. Leo saa moja na nusu, Kinyua yule kontrakta, alikuja kupima kiwanja, hiyo saa alinitajia mwenyewe baadaye. Halafu wewe. Wageni naandika wote."

"Wewe ulifungua saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa moja nikaenda kuchukua maziwa, nikarudi saa mbili na robo."

"Kwa hiyo ukumbi uliachwa wazi."

"Haikuwa wazi," Moffat alisema, ameudhika kidogo. "Mimi siwezi acha ukumbi wazi hivyo."

Lynn aliandika yote. Niru ya jana jioni ingekuwa imekauka. Hii ilipakwa asubuhi hii, kati ya saa kumi na mbili na nusu na kama saa mbili. Kwaya ilikuwa imejinasua.

Hata hivyo mwenyekiti wa kwaya, Mama Phyllis, hakungoja kuitwa. Alifika mwenyewe kabla ya saa nne akiwa amebeba kikapu cha maua ya karatasi. Alikuwa na miaka sabini na miwili, mjane wa miaka mingi, na ndiye bibi harusi wa Jumamosi. Habari zilikuwa zimemfikia njiani, kwa sababu Githima habari hazina miguu ila hukimbia.

"Ati utaandika nyekundu?" aliuliza. "Mimi nimeimba humu tangu ukumbi ifunguliwe. Watoto wangu wote walifanyiwa sherehe humu. Sasa nimepata bwana kwa uzee, unataka nikaolewe kwa hema kama mkutano ya siasa?"

"Cucu, nyanya yangu, sitaki. Lakini mtu amebadilisha vioo vyangu. Nikivipata vile vya kwanza kabla ya Ijumaa saa sita, nitaandika ukweli. Nisipovipata, mikono yangu imefungwa."

"Basi mimi nitakusaidia kutafuta huyo mwizi," Mama Phyllis alisema, akaweka kikapu chini. "Na nikimpata nitamchapa kwanza, ndio nikuletee."

Lynn hakuweza kujizuia kucheka. Akamuuliza kama jana jioni aliona lolote lisilo la kawaida.

"Hakuna. Ila mabenchi. Wamae ameyasukuma yote upande wa mashariki, tumebanana huko kama viazi kwa gunia. Na huku magharibi amejaza meza, hakuna mtu anaweza kukaa. Nikamuuliza, akasema ati jua la jioni litachoma wageni. Jua gani ya Nyeri inachoma mtu?"

Wamae ndiye alikuwa bwana harusi. Lynn aliandika pia hilo, ingawa hakujua kwa nini.

Saa tano alibandua kioo kimoja kipya, akashuka nacho mjini kwa Abdiwahid Kullow, muuza vioo aliyemkatia vile tisa vya kwanza. Alikuwa mwembamba, mwenye ndevu nyekundu za hina, na Lynn alijua kwamba ndiye pekee aliyefahamu vipimo vyake kamili. Alimwekea kioo mezani bila salamu ndefu.

"Abdiwahid, ulimkatia nani vingine tisa?"

"Bismillahi! Salamu kwanza, Injinia," Abdiwahid alisema, akakishika kwa vidole viwili, akakiinua kwenye mwanga. "Hii ndio unasema ni yangu? Unanitukana. Mimi nilikukatia ya milimita nne. Hii ni mbili. Hii ni kioo ya fremu ya picha, tena ya zamani, ona ina mawimbi. Na aliyekata hakutumia kalamu ya kukatia vioo vizuri. Ona kingo."

"Unajua imetoka wapi?"

"Kwa ukuta wa mtu. Tafuta nyumba iko na picha kubwa bila kioo, hapo uko na mtu wako."

Alimkaribisha chai ya tangawizi, na Lynn akainywa akiwa ameona haya kidogo.

Mshukiwa aliyebaki alikuwa mtamu kuliko wote. Kila mtu Githima alijua kwamba Kinyua alitaka kiwanja cha ukumbi ili ajenge soko la ghorofa. Ushahidi ukichafuliwa, ukumbi unaandikwa nyekundu, unabomolewa, naye anapata kazi. Tena alikuwapo asubuhi hiyo. Lynn alimpigia simu, na saa nane mchana Kinyua akafika ukumbini kwa viatu vyeupe pe, akiruka matope kama mtoto anayecheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira.

"Injinia, sitakudanganya," alisema kabla hata ya kuulizwa. "Hii jengo nataka ianguke. Nimeomba Mungu ianguke. Lakini sijaisukuma."

"Leo saa moja na nusu ulikuwa wapi?"

"Huko nje napima. Ndani sikuingia. Nilisikia mtu akigonga ndani, ko, ko, ko, polepole. Nikadhani ni Moffat."

"Moffat alikuwa ameenda maziwa."

"Basi ni mtu mwingine." Kinyua alisogea ukutani, akatazama vioo, na taratibu uso wake ukabadilika. Mfanyabiashara aliondoka, akabaki mtu wa ujenzi. "Injinia, wewe vyako ulibandika aje?"

"Kukingama ufa. Nyufa zimeenda mshazari, kwa hiyo vioo vyangu vilikuwa vimeinama."

"Enhe. Hata mimi nimesoma diploma, ningeinamisha. Lakini ona huyu." Alitoa pima maji ndogo mfukoni, akaiweka juu ya kioo cha kwanza. Kiputo chake kikatulia katikati kabisa. Cha pili, katikati. Cha tatu, vivyo hivyo. "Huyu amelaza kila kioo kama jiwe. Hakuweza kuvumilia kitu imeinama. Huyu hakuenda shule ya vioo, huyu ameenda shule ya mawe."

Lynn alihisi nywele zikimsimama kwa furaha. Vioo vilikuwa mbele yake tangu asubuhi, vimelala sawasawa, naye aliviona vizuri tu asiulize kwa nini.

"Kwa hiyo ni fundi. Fundi wako?"

"Wangu?" Kinyua aliinama karibu zaidi. Pale ambapo vioo vya zamani vilibanduliwa, jiwe lilikuwa limebanduka ngozi kidogo, na mtu alikuwa amerudishia ule mstari wa simenti kati ya jiwe na jiwe. "Sisi siku hizi tunachora mstari bapa, tunaenda nyumbani. Huu umetuna, mviringo, kama huo mwingine wote wa ukumbi. Hakuna kijana wangu hata mmoja anajua hii. Hii ni mkono ya kitambo, Injinia. Na ni mkono mwepesi. Vioo tisa asubuhi moja!"

Lynn alimshukuru, na Kinyua akaenda zake akiruka matope, amefurahi kuliko mtu aliyejipotezea kazi alivyopaswa kuwa.

Moffat alikuwa mlangoni akimenya njugu.

"Moffat, leo asubuhi ulipoenda maziwa, nani alikuwa ndani?"

"Hakukuwa na mgeni, Injinia, si nimekuambia."

"Sikuulizi mgeni. Nauliza mtu."

Moffat aliacha njugu. "Mtu? Alikuwa tu Mzee Wamae. Lakini yeye si mgeni, huja kila siku. Utaandika aje mzee kwa kitabu, kama mtu wa kuuza sabuni? Ni dharau. Hata hii ukumbi alijenga yeye akiwa kijana. Wale wenzake wote walishatutoka." Kisha akaona uso wa Lynn, akavua kofia kwa mara ya kwanza. "Ngai wakwa, Mungu wangu. Injinia, usiniambie."

Alhamisi saa kumi jioni Lynn alikwenda nyumbani kwa Mzee Wamae. Uani kulikuwa na shangwe. Wanawake walikuwa wakimenya viazi vya kupondea mukimo, mbuzi wawili walikuwa wamefungwa kwenye ua wasijue yanayowangoja, na Mama Phyllis alikuwa akiamuru kila mtu, mbuzi wakiwemo. Alipomwona Lynn, alimshika mkono akamwingiza ndani.

"Wamae! Injinia amekuja kunywa chai. Bado hajapata mwizi, lakini tuko karibu."

Mzee Wamae aliinuka kitini. Alikuwa na miaka sabini na sita, mrefu, mikono mipana kama sepeto. Nyuma yake ukutani ilining'inia picha kubwa ya watu waliosimama mbele ya ukumbi mpya. Fremu yake ilikuwa nzuri, ya mbao. Haikuwa na kioo.

"Guka," Lynn alisema kwa upole, kama anayemwita babu yake, "kioo cha hiyo picha kiko wapi?"

Mzee alitazama picha, akamtazama bibi harusi wake, kisha akaketi. Nje wanawake walikuwa wakiimba.

"Kiko kwa ukuta," alisema. "Vipande tisa. Nilikata Jumanne jioni."

"Wewe?" Mama Phyllis aliweka birika chini kwa kishindo. "Wamae, ni wewe? Na jana mchana kutwa nimezunguka Githima nikilaani huyo mtu na ukoo wake wote!"

"Nilisikia. Ulilaani vizuri."

"Kwa nini, Guka?" Lynn aliuliza. "Unajua kesho nitalazimika kuandika nyekundu?"

"Sikujua hiyo sheria. Nilisikia jana kwa Moffat, nimeshabadilisha zote. Mimi nilidhani ukikuta zote nzima, utaandika kijani uende." Alisugua viganja. "Ile siku ya ufunguzi, 1967, ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa vijana wanne, kila mmoja na ukuta wake, tunashindana. Mimi nilikuwa wa magharibi, ule wenye kichwa cha pembetatu. Alhamisi hupaini ikaisha. Unajua hupaini, Injinia, ule ukanda wa chuma tunalaza kati ya mawe ili ukuta ushikane. Fundi mkubwa akaenda Sagana kutafuta ingine, akaniambia ngoja. Wenzangu walikuwa wamemaliza, wananicheka. Sikungoja. Nilipandisha ule ukuta mpaka juu bila chuma hata moja, na aliporudi nikamwambia niliokota vipande vilivyobaki. Alinisifu mbele ya watu. Hiyo sifa nimekula miaka hamsini na minane na haijawahi shuka vizuri."

Lynn alimhurumia.

"Jumanne ardhi ilipotetemeka nilikimbia huko," mzee aliendelea. "Kioo kimoja kimevunjika. Cha ukuta wangu. Nikasema, wiki ya harusi yangu, Githima yote itajua Wamae ni fundi mwongo, na huyu mama atajua. Nikakata kioo. Lakini changu kimoja kati ya vyako vinane kingeonekana, kwa hiyo nikabadilisha zote. Watu nilijua siwezi weka chini ya huo ukuta. Ndio nikasukuma mabenchi, nikajaza meza. Baada ya harusi ningefungua mawe mwenyewe, nitie chuma polepole."

"Jua la jioni!" Mama Phyllis alisema. "Ati litachoma wageni!"

Lynn alisogeza kiti. Swali lililobaki lilikuwa moja, na aliogopa jibu lake. "Guka, vile vyangu tisa. Ulivitupa?"

Mzee Wamae alionekana kushangazwa na swali hilo. "Kutupa? Fundi hatupi kitu imepimwa." Aliinama chini ya kitanda, akavuta debe la maharagwe, akachimbua, akatoa vioo kimoja kimoja, kila kimoja kimefungwa katika kipande cha gazeti. Alikuwa amevibandua kwa patasi kwa uangalifu wa ajabu, pamoja na ngozi ya jiwe lenyewe nyuma yake, ili visivunjike.

Lynn alivipanga mezani kati ya vikombe. Namba zake zilikuwepo. Ngozi za mawe zingeoana na makovu ya ukutani, kwa hiyo hakuna ambaye angeweza kubisha kila kimoja kilitoka wapi. Namba saba ilikuwa vipande viwili. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, nane, tisa: vizima, bila hata ufa. Alivihesabu mara mbili, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na wanawake wa nje wakachungulia mlangoni kuona kulikoni.

"Guka, unajua umeficha nini kwenye maharagwe? Umeficha habari njema! Ardhi imetikisika na kuta tatu hazikusogea hata unywele. Nyufa zake ni za simenti na uzee tu. Hiyo hupaini ya wenzako imeshika. Ni ukuta mmoja tu unaoumwa, na dawa yake wewe mwenyewe unaijua. Hii si nyekundu. Ni manjano!"

Mzee alimtazama kama mtu anayesomewa barua ya lugha asiyoielewa. "Haibomolewi?"

"Haibomolewi. Lakini mpaka ukuta utiwe chuma, mtu haingii. Harusi itakuwa nje kwenye nyasi, mbali na upande wa magharibi. Na kwenye ripoti lazima nieleze kwa nini ukuta ule ni dhaifu, Guka. Siwezi kuficha."

"Andika," Wamae alisema. "Andika na jina."

Kisha akamgeukia Mama Phyllis. "Na wewe? Bado unanitaka?"

Mama Phyllis aliinua birika, akammiminia kikombe.

"Wamae," alisema, "tangu Jumanne hukuwa unalala, hukuwa unakula, ukiniona unatazama kando. Mimi nilidhani unaogopa kuoa. Nilikuwa nimeanza kumwambia Mungu basi, chukua huyu pia. Kumbe ni ukuta!" Alifuta macho kwa leso. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeumbuliwa na kioo, ushukuru. Kunywa chai."

Ijumaa saa tano na nusu ripoti ilipokelewa, rangi ya manjano.

Jumamosi, kwenye nyasi, mchungaji alipouliza kama kuna mwenye neno, bwana harusi mwenyewe aliinua mkono. Aliomba kipaza sauti, akawaambia wageni mia tatu habari ya ukuta wa magharibi, tangu Alhamisi ile ya 1967 mpaka debe la maharagwe, bila kujipunguzia hata kidogo. Bibi harusi akamnyang'anya kipaza sauti.

"Mmesikia. Jumatatu saa moja asubuhi, kila mtu mwenye mikono aje. Kinyua, wewe utaleta chuma, na uje na viatu vya maana."

Vigelegele vilipigwa mpaka mchungaji akashindwa kuendelea kwa muda.

Jumatatu walikuja watu arobaini na watatu. Lynn alikuja kukagua, akaishia kubeba mawe. Fungate ya maharusi ilianzia hapo, bwana juu ya jukwaa la mbao na mwiko mkononi, bibi chini akimfokea ashuke kabla hajamfanya mjane mara ya pili, naye akijibu kwa furaha kwamba safari hii hashuki mpaka chuma ya mwisho iingie.